Kabla ya MRI ya goti au bega: vyuma vyako uliwekewa wapi?

Ukipangiwa MRI (kipimo cha kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) ya goti, bega au mgongo huku Uingereza, utapewa fomu ya maswali. Usiijaze harakaharaka. Mashine ile ni sumaku yenye nguvu nyingi, na inavuta hata wakati haipigi picha. Wahudumu wanahitaji kujua kila chuma kilichomo mwilini mwako.

Wengi wetu tulitibiwa nyumbani. Kama ulivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda ukawekewa vyuma kwenye hospitali kama MOI (Dar es Salaam), Kenyatta (Nairobi) au Mulago (Kampala), andika ni sehemu gani, mwaka gani, hospitali gani. Mwombe ndugu afuatilie nakala ya ripoti ya upasuaji mapema, maana faili la zamani halipatikani kwa siku moja. Kuwa na vyuma hakumaanishi umekosa kipimo. Vingi vya mifupani ni salama, ila huharibu picha ya sehemu iliyo jirani navyo.

Wenye betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa wapige simu idarani kabla ya miadi. Vivyo hivyo fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, na yeyote aliyebaki na risasi mwilini. Najua wapo ndugu zetu wa Kongo na Burundi wasiotaka kuitaja risasi mbele ya mtoto anayewatafsiria. Ombeni mkalimani wa hospitali; NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, haitozi kitu. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo nao waseme, hasa ikiwa kuna dawa ya kuchomwa ili picha ionekane vizuri.

Kwa viungo, kwa kawaida unakula na kunywa dawa zako kama siku zote, labda barua iseme vingine. Pini za mtandio, shanga za kiuno, hirizi yenye kasha la bati, wigi lenye klipu: vua nyumbani. Rasta zenye vipete vya chuma zifumue tangu jana yake. Wanja usipake.

Kwa goti unaingia miguu kwanza. Kwa bega, kichwa nacho kinaingia. Kelele ni kubwa, utapewa vya kuziba masikio na kitufe cha kuita. Kama nafasi finyu inakutia hofu, mwone GP wako (daktari wako wa kawaida wa mtaani) siku kadhaa kabla akuandikie dawa ya kutuliza, kwani idara ya picha mara nyingi haitoi. Ukiimeza, usiendeshe gari. Tafuta mtu wa kukurudisha.