Somo: Kuhesabu helisiti ya sumaku, kuanzia kwenye kamba

Wengi tunaosoma fizikia hapa Unguja tunaikariri helisiti, yaani intigrali ya A·B (B ni uga wa sumaku, A ni vekta potenshali yake), bila kujua inahesabu nini: ni jinsi mistari ya uga ilivyoshikana na kusokotana. Basi tuanze na kamba ya makumbi, zile wanazosokota kina mama wa Paje na Jambiani.

1. Funga vipande viwili viwe pete, moja imepita ndani ya mwenzake. Tia kila pete mishale ya chaki kuonyesha uga unaelekea wapi.

2. Zilaze mezani. Pete moja inapopita juu ya nyingine, zungusha mshale wa juu kwa njia fupi mpaka ulalie ule wa chini. Umekwenda kinyume cha saa? Andika +1. Kisaa, −1. Jumlisha, gawa kwa 2. Kamba inapojikata yenyewe, usihesabu. Hiyo ndiyo namba ya mshikano. Gauss aliiandikia intigrali mwaka 1833.

3. Sasa ione kila pete kama mrija wa uga, kisha tia fluksi, yaani kiasi cha uga kinachopita ndani ya mrija. Kwa mirija isiyosokotwa, H = 2nΦ₁Φ₂ (H ni helisiti, n namba ya mshikano, Φ fluksi). Fluksi zikiwa weba 3 na 2, mshikano +1, H ni 12 weba mraba. Ile 2 ndiyo inayosahaulika kwenye mitihani: kila mrija unamhesabu mwenzake. Mrija wa weba 3 uliosokotwa mzunguko mmoja mzima unajiongezea 9 peke yake.

4. Kwenye plazima (gesi ya chembe zenye chaji) huoni kamba. Unapima B, unatafuta A ambayo kerli yake (∇×A) ni B, unajumlisha A·B ujazo mzima. Sharti uga usitoboe ukuta. Ukitoboa, kama kwenye uso wa Jua, jibu linategemea A uliyoichagua, yaani halina maana. Hapo tumia helisiti linganishi ya Berger na Field (1984), inayolinganisha uga wako na uga wa marejeo unaotoboa ukuta vilevile.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Nimepata sifuri, mbona kamba hazitoki?* (Wete)

Marahaba. Huenda umefunga kiungo cha Whitehead: namba yake sifuri, na hakifunguki ng'o. Hesabu hii haioni kila fundo.

*Mistari ikikatika na kuungana upya, helisiti si inapotea?*

Inapungua, ila polepole mno kuliko nishati. Mwanafizikia Taylor alijengea hapo, mwaka 1974, hoja yake kwamba plazima hutulia kwenye nishati ndogo kabisa huku helisiti ikibaki. Mshikano wa pete mbili hugeuka msokoto ndani ya mrija mmoja.

*Data yangu iko kwenye gridi. A naipataje?*

Weka Az = 0. Ax ni jumla ya By kwenda juu (kufuata z), Ay ni jumla ya Bx yenye alama ya kutoa. Tabaka la chini lichague litoe Bz sahihi. Kisha piga kerli. B isiporudi, usiguse hatua ya 4.