Namna ya kupima dawa ya kuzuia vimeng'enya kwa mwani wa hadubini

Mi napenda Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa seli moja wenye mikia miwili, na dawa ya kuanzia iwe asetazolamidi, ile ya presha ya macho, inazuia kaboniki anhidrezi, kimeng'enya kinachosaidia mwani kupata kaboni dayoksaidi pale ilipo kidogo. Oteshea kwenye maji ya madini bila aseteti (chumvi ya asidi ya siki) kabisa, maana mwani ukipata aseteti unakula hiyo na dawa itaonekana haifanyi kitu, taa iwake, chupa zingine zipate hewa ya kawaida zingine hewa yenye kaboni dayoksaidi 5%, na kila kundi liwe na chupa ya kiyeyushi kitupu (kile ulichoyeyushia dawa) bila dawa, hii usiiruke jamani! Pima ukungu wa maji, yaani wingi wa seli, kwa spektrofotomita kwenye mwanga wa nm 750 kila siku. Zikidumaa za hewa ya kawaida tu, dawa imegusa kimeng'enya chenyewe, zikidumaa zote huenda ni sumu tu. Ukitaka inayopenya zaidi ndani ya seli tumia ethoksizolamidi.