Kutafuta maandiko ya kemia ya kabla ya 1907: mfano wa floraidi

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili na binti anayeandika tasnifu kuhusu floraidi (chumvi za elementi ya florini) katika maji ya Maji ya Chai, hapa Arusha. Msimamizi alimrudishia sura ya mapitio kwa kuwa haikuwa na chapisho hata moja la zamani. Njia tuliyopita ni hii.

Hatua ya 1. Pakua A Select Bibliography of Chemistry, orodha ya vitabu vya kemia ya Henry Carrington Bolton, iliyotolewa na taasisi ya Smithsonian ya Marekani mwaka 1893, pamoja na nyongeza za 1899 na 1904. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, wanaitoa bure. Chukua PDF nzima. Ukisoma mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, bando litakata ungali herufi C.

Hatua ya 2. Nakili waandishi na miaka kwenye daftari la kaunta. Programu za kutunza marejeo siziamini kwa vitabu vya karne ya 18. Mara nyingi hushika mwaka wa toleo jipya.

Hatua ya 3. Majina. Hapa ndipo siku nzima ilipotelea. Usitafute neno unalolijua wewe, tafuta walilolijua wao. Mkemia Scheele alipochunguza jiwe la fluori, madini yenye floraidi, mwaka 1771, elementi yenyewe ya florini haikuwa na jina. Mkemia Moissan aliitenga mwaka 1886 tu. Kwa hiyo tafuta "fluor spar" (jiwe hilo) na "fluoric acid" (asidi yake), na kwa Kijerumani "Flussspath" na "Flusssäure". Hiyo "th" ya mwisho usiifute, ndiyo tahajia ya wakati ule.

Ukishafungua kitabu chenyewe cha Kijerumani kuna mtego mwingine. Herufi za kale zina s ndefu inayofanana sana na f, na kompyuta iliyosoma picha za kurasa huzichanganya. Tulitafuta "Fluss" kwa saa tatu, tukapata patupu. Tulipoandika "Fluff", kurasa zikaanza kufunguka. Vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800 vina ugonjwa huohuo. Jaribu tahajia zote mbili kabla hujasema hakuna kitu.

Hatua ya 4. Bolton aliorodhesha vitabu, si makala za majarida. Kwa makala za 1800 hadi 1900 nenda Catalogue of Scientific Papers, orodha ya makala ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, juzuu 19. Imepangwa kwa majina ya waandishi. Usihangaike na faharasa ya mada: zilitoka za hisabati, mekanika na fizikia, ya kemia haikuchapishwa kamwe. Ndiyo maana nilisisitiza daftari. Bila majina ya hatua ya 2, juzuu hizo zote ni ukuta.

Hatua ya 5. Kuanzia 1907 kuna Chemical Abstracts, jarida la muhtasari wa makala za kemia, na hapo maneno yako ya leo yanaanza kufanya kazi.

Binti alirudi kwa msimamizi na marejeo 11 ya kabla ya 1900, kila moja amefungua ukurasa wake na kuusoma mwenyewe.