Damu ikitoka puani: bana kwanza, dawa za bibi baadaye

Asubuhi moja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nilikuta mtoto wa miaka kama saba kalazwa chali juu ya magunia ya dagaa. Sarafu wamembandika kwenye paji, mtu anammwagia maji utosini. Damu puani haionekani tena, watu wakashukuru. Mara akatapika mabonge meusi. Damu haikuwa imekata, alikuwa anaimeza.

Mimi ni muuguzi. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Mkalishe, ainame mbele kidogo. Damu ikishuka mdomoni, ateme.

Hatua ya 2: Bana pua. Wengi hubana juu, kwenye mfupa, na hapo hupati kitu. Teremsha vidole mpaka pale mfupa unapoishia na pua inabonyea. Bana matundu yote mawili kwa kidole gumba na cha shahada, apumulie mdomoni. Mshipa uliopasuka mara nyingi uko hapo mbele, kwenye ukuta unaogawa matundu.

Hatua ya 3: Shika saa, dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Ukiachia, unang'oa damu iliyoanza kuganda. Mama wa yule mtoto wa mwaloni alitaka kuachia kila mtoto alipolia. Nikamwambia, "Mayu (mama, kwa Kisukuma), bado, shikilia." Dakika ya kumi na moja ikawa imekata.

Dawa za bibi sasa. Barafu, ambayo mwaloni haikosi, ifunge kwenye kipande cha khanga umwekee kisogoni. Haidhuru, mradi vidole havijaachia. Sarafu, na funguo mgongoni, hazizuii chochote. Zimepata sifa kwa kuwa mara nyingi damu ya puani hukata yenyewe. Kunusa kitunguu kutampigisha chafya, damu ianze upya. Ugoro, limau na majani yaliyopondwa visiingie puani kabisa, nawasihi. Hata pamba hugandamana na kidonda, ukiivuta unakichuna.

Hatua ya 4: Ikikata, asipenge wala asichokonoe pua siku nzima, na asibebe mizigo. Kiangazi hiki cha vumbi, mpake mafuta ya mgando kidogo ndani ya tundu kabla ya kulala.

Ukibana dakika 20 bila kukata, au kama ameumia kichwa, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, anasikia kizunguzungu, au ni mtoto wa chini ya miaka 2, nendeni hospitali. Na pua ibaki imebanwa hata mkiwa kwenye bajaji.