Somo: Kulala kambini na RV Marekani bila kuumiza mfuko

Wakuu, salaam. Somo hili nililiahidi siku nyingi, leo nimekaa chini kuliandika. Ni la wanaozunguka Marekani na RV, yaani gari-nyumba lenye kitanda, jiko na choo ndani, iwe ya kukodi au yako mwenyewe, halafu wakipiga hesabu za safari wanakuta kambi zimekula pesa nyingi mno.

Kwenye kambi ya kulipia hununui usingizi. Unanunua umeme, bomba la maji na shimo la kumwagia majitaka. Safari yangu ya kwanza nililipia kiwanja chenye vyote vitatu siku nne mfululizo, matanki yangu yana nafasi tele na betri zimejaa. Siku ya pili hata waya sikuchomeka. Hela imekwenda hivyo.

Hatua ya 1: Jua RV yako inavumilia siku ngapi bila kuchomekwa

Hapa ndipo akiba yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaparuka. RV ina matanki matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Watu wanaogopa la choo, lakini mara nyingi linalotangulia kujaa ni lile la sinki na bafu. Kabla ya safari ndefu, nenda mahali pa karibu ukae siku mbili tatu bila kuchomeka chochote, uone kinachokukwamisha kwanza ni nini.

Ukishakijua, kibane hicho hicho. Kuoga: jiloweshe, funga maji, jisugue, fungua ujisuuze. Yale maji ya baridi yanayotangulia kabla ya moto yakinge kwenye ndoo, utayatumia kusukumia choo. Vyombo vifute kwa karatasi kabla ya kuviosha, mafuta yasiende kwenye tanki yakaanza kunuka.

Upande wa umeme, betri za asidi usizishushe chini ya nusu, utaziua mapema. Za lithiamu unaweza kuzitumia karibu zote. Taa, simu na pampu ya maji havisumbui, na friji inayotumia gesi haisumbui pia. Msumbufu ni kiyoyozi. Kama safari ni ya joto kali, ama upande milimani kwenye baridi ama ukubali kulipia umeme.

Tuseme umepata jibu: siku nne. Basi mpango wako ni siku nne mahali pa bure au pa bei ya chini, siku ya tano kambi kamili. Hiyo ya tano unamwaga, unajaza, unafua, unaoga maji mengi mpaka uchoke.

Hatua ya 2: Ardhi ya umma

Majimbo ya magharibi yana ardhi kubwa ya serikali kuu iliyo chini ya BLM (idara inayosimamia ardhi ya umma), pamoja na misitu ya taifa. Sehemu nyingi za ardhi hiyo unalala bure, nje ya kambi rasmi. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna pipa la taka. Ulichoingia nacho unatoka nacho. Kwa BLM kanuni ya kawaida ni siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha unahama. Misitu mingi nayo inaishia siku 14, ila kila msitu una amri zake, kwa hiyo pigia simu ofisi yao na uulize na habari za moto, maana kiangazi huwa wanapiga marufuku kuwasha.

Misitu ya taifa ina ramani ya bure inayoitwa MVUM. Inaonyesha barabara zipi gari linaruhusiwa na wapi unaweza kuegesha pembeni ulale. Ipakue kabla, huko ndani mtandao hakuna. Na ukifika njia ya vumbi, shuka utembee kwa miguu kwanza. Kugeuza RV ndefu kwenye njia isiyo na pa kugeuzia ni kazi ambayo simtakii mtu.

Wanaokimbia baridi wana maeneo maalumu ya BLM kule Arizona na California, yanaitwa LTVA. Unalipa kibali kimoja na unaweza kukaa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15.

Hatua ya 3: Kambi za serikali zenye huduma kidogo

Usizidharau kambi za kando ya mabwawa zinazoendeshwa na Army Corps of Engineers, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Nyingi zina umeme na maji, ni tulivu, na bei ni ya kistaarabu.

Kuhusu pasi, watu wanachanganya sana. Pasi ya kawaida ya mwaka ya America the Beautiful, ile ya kuingilia hifadhi za serikali kuu, inakupitisha getini tu, haikupunguzii kambi. Zinazopunguza ni ya wazee wa miaka 62 na kuendelea, na ya wenye ulemavu wa kudumu, ambayo hutolewa bure. Hizo hukata nusu ya ada kwenye kambi nyingi za serikali kuu, lakini ni kwa raia na wakazi wa kudumu peke yao. Kama unasafiri na mama au baba mwenye sifa hizo, pasi iwe kwa jina lake na yeye awepo.

Hifadhi za majimbo ni habari nyingine: angalia kama kuna kiingilio cha gari juu ya ada ya kambi, na kama mgeni wa jimbo anatozwa zaidi.

Hatua ya 4: Kambi binafsi

Uliza kiwanja cha ampea 30 badala ya 50. Cha 30 kinatoa wati 3,600, cha 50 kinafika 12,000. Kama huna viyoyozi viwili hizo zote za nini? RV ya ampea 50 inaingia kwenye 30 kwa adapta. Uliza pia bei ya wiki, kwani mara nyingi ukilipia siku saba unapata kama moja ya bure. Ya mwezi inashuka zaidi, ila umeme husomwa kwenye mita na unalipa wewe. Kadi za klabu za punguzo zinalipa kama unatembea Jumapili hadi Alhamisi. Wikendi na sikukuu nyingi hazipokelewi.

Hatua ya 5: Hesabu mafuta ya kuzunguka

RV inayokwenda maili 8 kwa galoni, ukiipeleka maili 24 nje ya njia kutafuta kambi ya bure na kurudi, imekunywa galoni 6. Piga hesabu, wakati mwingine ile ya kulipia kando ya barabara ndiyo rahisi.

MASWALI

Mkuu, vipi kulala kwenye maegesho ya maduka makubwa?
Inategemea meneja na sheria za mji. Ingia ndani uulize, usitegemee ya mwaka jana. Ukiruhusiwa ni usiku mmoja: hakuna viti nje wala kutoa turubai. Vituo vya mapumziko barabarani navyo kila jimbo na lake. Kuna yanayoruhusu saa chache tu.

RV yangu ni ya kukodi, somo linanihusu?
Linakuhusu, ila soma mkataba. Kampuni nyingi zinakataza barabara zisizo na lami, na jenereta wanaihesabu kwa saa. Kwa hiyo hatua ya 2 kwako inaweza kuwa ngumu, shikilia ya 3.

Maji ya sinki si machafu sana, nikimwaga porini kuna ubaya?
Usimwage. Kwenye ardhi nyingi ya umma ni kosa, na wanyama wanafuata harufu. Tafuta kituo cha kumwagia. Baadhi ya vituo vya malori na kambi wanakuruhusu kwa ada ndogo bila kulala hapo.

Kambi za hifadhi za taifa kila nikiangalia zimejaa. Mnazipataje?
Dada, nyingi zinafunguliwa Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuwekea nafasi, miezi sita kabla, na zinaisha siku hiyo hiyo. Lakini watu wanaghairi. Anayeghairi anakatwa dola 10, na akichelewa hadi siku moja kabla anapoteza na usiku wa kwanza, kwa hiyo wengi huachia siku mbili tatu kabla. Angalia asubuhi na jioni siku hizo. Pima na urefu wa RV yako kabla ya kulipa, kambi nyingi za hifadhi ni za zamani na futi 35 haziingii.