Namna ya Kuzipima Riwaya za Picha Zinazowania Tuzo ya Hugo

Tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa kazi za kubuni za sayansi na fantasia, ilianza kuwa na kipengele cha hadithi za picha mwaka 2009, na siku hizi orodha ya mwisho huwa na kazi sita. Wanaopiga kura ni wanachama wa Worldcon, kongamano la dunia la mashabiki wa kazi hizo, la mwaka husika, wala si jopo la majaji. Kwa hiyo msomaji wa Kirumba, Mwanza, aliyelipia uanachama ana kura sawa na ya msomaji wa Chicago, na inampasa kuitumia kwa uangalifu.

Anza na picha. Funika viputo vya maneno kwa vipande vya karatasi, pitia kurasa kumi, kisha msimulie mwenzako kilichotokea. Katika kundi letu la wasomaji hapa Mwanza, kijana mmoja alituchorea ukurasa wa wavuvi wa dagaa wenye fremu tatu: karabai ikiwaka juu ya wavu, mtumbwi huohuo ukionekana mdogo katikati ya mawimbi, halafu maji matupu na karabai iliyozimika ikielea. Sote tulinyamaza. Alipoongeza chini yake maneno "wavuvi walizama", ukurasa ulipoteza nguvu yake yote, kwa sababu maneno yalirudia kile ambacho jicho lilikwisha kukielewa. Kosa hilo hujitokeza hata katika vitabu vikubwa, nami hulipunguzia alama bila kusita.

Wengi husomea kwenye simu, lakini mchoro uliotandazwa kwenye kurasa mbili hukatika humo. Tafuta kompyuta kabla hujamhukumu mchoraji.

Suala gumu zaidi ni mifululizo. Mfululizo wa Monstress ulishinda mwaka 2017, 2018 na 2019, kila mara kwa juzuu nyingine, ilhali LaGuardia ya mwandishi Nnedi Okorafor na mchoraji Tana Ford, iliyoshinda mwaka 2020, ni hadithi inayokamilika yenyewe. Soma juzuu zilizotangulia ukizipata, ila pima ile iliyoteuliwa tu: je, ina mwanzo na mwisho wake, au inaishi kwa mkopo wa mapenzi uliyokuwa nayo tangu zamani? Kwa riwaya iliyogeuzwa kuwa picha, kama Parable of the Sower iliyoshinda mwaka 2021, uliza mchoraji ameongeza nini ambacho nathari haikuwa nacho.

Hatimaye panga kazi kwa namba, kuanzia unayoipenda zaidi. Isipopatikana kazi yenye zaidi ya nusu ya kura, ile ya mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwenye chaguo linalofuata la kila mpigakura, hivyo hata namba yako ya nne yaweza kuamua mshindi. Karatasi ya kura pia ina nafasi ya "Hakuna Tuzo": ipe namba yake mara tu baada ya kazi ya mwisho unayoamini kwa dhati kuwa inastahili kushinda.