Kutengeneza vichembe vidogo vya dhahabu na fedha na kupima kama kweli vinachochea, kwa maabara ya kawaida Mbeya

Wadau wa kemia wa Nyanda za Juu Kusini, hii ni ya walimu wa sekondari na wanachuo wa Mbeya na Iringa mnaoulizia projekti ambayo haihitaji mashine za bei mbaya. Dhahabu ya kipande, kama ile wanayochimba Chunya, haishikani na karibu kitu chochote, ndo maana haishiki kutu, ila ukiifanya ndogo ya nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) inaanza kuchochea reaksheni. Mwaka 1987 Mjapani Masatake Haruta na wenzake walionyesha dhahabu ya hivyo ikikaa juu ya oksaidi za metali inaoksidisha kabonimonoksaidi hata chini ya nyuzi 0.

Anza na maji, na hapa naomba msiwe na haraka maana kazi nyingi zinaharibikia hapa. Maji ya bomba yana kloraidi na kalsiamu, yatagandisha vichembe vyako vyote. Maji ya betri yanafaa, ila hakikisha sio asidi ya betri, halafu tia matone mawili ya nitreti ya fedha kwenye kidogo uone, yakigeuka kama maziwa kuna kloraidi humo, tafuta mengine. Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe mara nyingi kwa maji hayohayo safi.

Hatua ya pili ni fedha. Weka mililita 30 za sodiamu borohaidraidi (ndo inayogeuza chumvi ya fedha kuwa fedha yenyewe) ya milimola 2 kwa lita (mola na milimola zote hapa ni kwa lita) kwenye bika, bika ikae ndani ya barafu, washa sumaku ya kukoroga, kisha dondosha nitreti ya fedha ya milimola 1, mililita 10, tone moja kila sekunde hivi. Itakuwa njano. Ukimaliza kudondosha zima kukoroga palepale, ukiendelea vichembe vinashikana na njano inachafuka kuwa kijivu. Borohaidraidi iyeyushwe muda huohuo kwa maji ya baridi, ya jana imeshakufa, na isikutane na asidi kwa sababu inatoa haidrojeni kwa kasi. Vaa glavu pia, nitreti ya fedha inaacha madoa meusi mkononi siku kadhaa.

Hatua ya tatu, dhahabu, tengeneza saizi mbili ili uwe na cha kulinganisha. Ndogo: mililita 20 zenye asidi ya kloroauriki, ndo inayobeba dhahabu, milimola 0.25 na sitreti ya sodiamu milimola 0.25, tia kwa mpigo mililita 0.6 za borohaidraidi ya baridi ya mola 0.1 huku inakoroga, inageuka pinki hapohapo, vichembe ni kama nanomita 3.5 na vitumie siku hiyohiyo. Dhahabu yote humo ni kama miligramu 1 tu, kwa hiyo bei isikutishe. Kubwa: chemsha mililita 20 za asidi ya kloroauriki ya milimola 1, ongeza mililita 2 za sitreti ya asilimia 1, subiri hadi iwe nyekundu iliyokolea, hapo una kama nanomita 13. Hii asili yake ni njia ya Turkevich ya 1951. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usikae unasubiri kipimajoto kifike 100, hakitafika, angalia maji yachemke kwelikweli na ufuate rangi kuliko saa.

Kuna pia klasta, yaani vikundi vya atomi chache vya chini ya nanomita 2, kama ya atomi 25 za dhahabu zilizozungukwa na thaioleti (molekuli zenye salfa) 18, zina tabia za molekuli na hata ile rangi nyekundu hazina. Zinataka usafishaji mrefu, msianzie huko.

Sasa kuchochea, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwenye kuveti, kile kichupa cha kupimia mwanga, tia mililita 2 za 4-nitrofenoli ya milimola 0.1 na mililita 1 ya borohaidraidi mpya ya mola 0.03, njano itakolea. Kwanza iache hivyo bila dhahabu wala fedha, rangi itabaki, na hiyo blanki usiiruke kabisa, bila yenyewe huna ushahidi kwamba kichocheo ndo kimefanya kazi. Halafu rudia ukiweka vichembe kidogo sana, uone njano inavyofifia. Kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, kilele cha mwanga wa nanomita 400 kinashuka na cha 300 kinapanda, maana nitrofenoli inakuwa aminofenoli, ila kuveti nyingi za plastiki hazipitishi vizuri 300 kwa hiyo tosheka na 400. Chora logi asilia ya absobansi (kiasi cha mwanga kilichofyonzwa) dhidi ya muda, mstari ulionyooka unakupa kasi. Mwanzoni unaweza kuona kimya kidogo kabla haijaanza kushuka, ni kawaida, usikiingize kwenye mstari.

Ukilinganisha saizi mbili za dhahabu sawazisha kiasi cha dhahabu, ule mchanganyiko wa kuchemsha, wa vichembe vikubwa, una dhahabu karibu mara 4 kwa kila mililita, kwa hiyo weka kama robo. Kwa uzito uleule vidogo vina eneo la juu karibu mara 3.7, ila usitegemee kasi ipande hivyohivyo, sitreti iliyokaa juu ya vichembe nayo inaziba nafasi za kufanyia kazi. Fedha nayo pima hivyohivyo, ila yenyewe ina rangi karibu na 400, kwa hiyo weka tone dogo na rangi hiyo uipunguze kwenye hesabu.

Nitrofenoli ni sumu, mabaki yote yaingie kwenye chupa yenye lebo na kifuniko kilicholegea kwa sababu haidrojeni bado inatoka, msimwage kwenye sinki.